Kazi ya Mzungu bila kutoka kibanjani: kutoka mbuni hadi kompyuta

Ukikaa na vijana wa Bukoba siku hizi, hauchukui muda kabla hujasikia habari za kazi za mtandaoni. Mtu yuko kwao Maruku, mwajiri yuko California, malipo yanahesabiwa kwa dola. Tunaongea kana kwamba jambo hili limeshuka jana kutoka mbinguni. Ndugu zangu, mimi sikubali. Sisi watu wa Kagera tuna zaidi ya miaka 100 ya kumtumikia mtu wa mbali ambaye hatujawahi kumwona uso. Babu zetu walifanya hivyo kwa kahawa.

Najua kuna mdau atasema mkulima wa kahawa si mwajiriwa, hakuna aliyempa barua ya ajira. Ni kweli kabisa. Weka hoja hiyo pembeni kidogo, maana huko mbele tutakutana nayo tena, na safari hiyo itasemwa na kampuni kubwa sana.

Tuanze mwanzo. Wahaya walikuwa na kahawa kabla Mjerumani hajafika. Haikuwa ya kunywa wala ya kuuza Ulaya. Ilichemshwa, ikakaushwa, ikatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwayo, na watu wawili walichanjia udugu wa damu kwa kugawana buni moja. Miti yenyewe ilikuwa chini ya mkono wa abakama, si kila mtu alijipandia atakavyo.

Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Ikafuata kodi, na kodi ilidai fedha taslimu. Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, meli zikaunganisha bandari za ziwa letu na reli hiyo, na ghafla kahawa ya kibanjani ikawa na njia ya kwenda Mombasa na baharini. Mtu alibaki kwake, chini ya migomba yake, lakini jasho lake likaanza kupangiwa thamani na watu wa ng'ambo.

Miaka ya 1920 bei ilikuwa nzuri, watu wakajenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka na bei ikaanguka nao. Hebu fikiria mzee wa Maruku wakati ule. Hakuvivia kazi, miti yake haikuugua, kahawa yake haikuharibika. Kosa lilifanyika New York, yeye akalipia Bukoba. Hata leo, mtu anayetaka kujua robusta itauzwaje huangalia soko la London.

Katika hali kama hiyo ndipo ilipostawi butura. Wanaotoka Kagera wanaijua: una shida ya ada au ugonjwa, unauza kahawa ikiwa bado iko mtini, kwa bei ya kutupa. Mavuno yakija si yako tena.

Lakini wazee hawakukaa kimya. Mwaka 1937 serikali ya Mwingereza ilipoleta kanuni za kuwalazimisha namna ya kutunza mibuni, wakulima walipinga hadi kukazuka vurugu, na watu wakakamatwa. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kikaundwa. Mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka tena. Katika miaka ya 1990 KCU ikaingia kwenye soko la biashara ya haki huko Ulaya, na sehemu ya mapato yake ikanunulia hisa za kiwanda cha Tanica hapa hapa Bukoba. Ushirika una madhambi yake, wala siyafichi, kila mwana Kagera ana hadithi ya malipo yaliyochelewa. Ila ulimpa mkulima mahali pa kugonga meza.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki, Dar es Salaam na Mombasa. Ule mkongo ndio reli ya Kisumu ya zama zetu. Nairobi ikatangulia. Kampuni ya Sama iliajiri vijana kuchuja picha na maneno machafu ya Facebook, na wengine kusoma maandishi ya kutisha ili kufundisha akili bandia ya OpenAI. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba kazi hiyo ya OpenAI iliwalipa wafanyakazi kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, wakati mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa kwenda kwa Sama. Hapo katikati kuna mlanguzi, sema tu huyu ana ofisi yenye kiyoyozi.

Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wa wachujaji hao, alifungua kesi Nairobi. Meta, wenye Facebook, walijibu nini? Kwamba wao si waajiri wake na mahakama ya Kenya haiwahusu. Umeona ile hoja tuliyoiweka pembeni? Mwaka 2023 mahakama ya kazi ilisema wanaweza kushtakiwa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema hivyo hivyo. Na Mei Mosi 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Mimi niliposoma habari ile nilikumbuka 1950.

Wengine hawakupata hata muda wa kukutana. Machi 2024 jukwaa la Remotasks lilijifunga kwa Wakenya, watu wakaarifiwa kwa barua pepe. Basi, kazi imekwisha.

Hapa ndipo naona tofauti kubwa kati yetu na babu zetu, na haituhusu kwa wema. Bei ya kahawa ilipoanguka, mbuni ulibaki wa babu, na chini ya mgomba matoke yalikuwapo. Hakuna mtu wa London aliyeweza kuamka asubuhi akaung'oa mti ule. Kijana wa mtandaoni hana mti. Ana akaunti, na akaunti ni mali ya mwenye jukwaa.

Sisemi tuzikatae kazi hizi. Ajira ziko wapi? Nasema tuingie kama watu wenye historia. Uliza nani hasa ni mwajiri wako na utamshtaki wapi. Andika saa zako mwenyewe, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Usile butura ya kidijitali kwa kupokea kazi yoyote kwa bei yoyote kwa kuwa leo una shida. Tafuta wenzako mfanyao kazi moja, hata wakiwa Mwanza au Kampala. Na kile kibanja cha wazee, tafadhali, usikiuze ili ununue kompyuta.

Nawasilisha.