Uuguzi wa Majumbani na Ala Zake katika Unguja

Mlandege ni mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe wa Unguja. Hapo, kama katika mitaa mingine ya pwani, mgonjwa huuguzwa kwanza na watu wa nyumba yake, na tabibu huja baadaye. Lugha yenyewe yaishuhudia desturi hiyo. Kutokana na "ugua" twapata "uguza"; nayo, ingawa ina umbo la kusababisha, haina maana ya kumtia mtu maradhi, bali ya kukaa naye katika maradhi yake. Historia ya ala za tiba zilizoingia majumbani yaweza kupimwa kwa kitenzi hicho.

Bomba la dawa lilitangulia. Katika kampeni ya kuangamiza malaria, iliyosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na kukoma mwaka 1968, wapiga dawa walipita nyumba kwa nyumba wakinyunyiza DDT. Malaria ilipungua sana, na kampeni ilipokoma ikarejea. Bomba lilikijua kiambaza, halikumjua mgonjwa.

Simu ya mkononi ilikuja na tabia nyingine. Mwaka 2009 na 2010, utafiti ulioitwa Wired Mothers uliwafuata wajawazito 2,550 wa vituo 24 vya afya. Wale wa nusu ya vituo hivyo walipelekewa ujumbe wa maandishi, na wakapewa vocha za kuwapigia wahudumu wa afya. Kati yao, 60 katika kila 100 walizalishwa na wakunga waliosomea kazi hiyo, hali upande wa pili walikuwa 47. Lakini faida hiyo ilidhihirika kwa wanawake wa mjini, wala haikuthibitika kwa wa shamba. Ujumbe husafiri upesi. Nauli ya kwendea kituoni haisafiri nao.

Ilibidi basi ala ifuatane na mtu. Kuanzia 2012, kwa mpango wa Coconut Surveillance, habari ya mgonjwa wa malaria aliyeonekana kituoni ilimfikia ofisa wa wilaya kwa simu, naye akamfuata nyumbani na kuwapima waliomo. Mwaka 2019 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la D-tree, ilizindua Jamii ni Afya. Wajitoleaji zaidi ya 2,000 wakawa wakibisha hodi katika shehia zao, kila mmoja na simu iliyomwongoza katika kumhoji mjamzito na mama wa mtoto mchanga, na kumwonyesha dalili zinazotaka mgonjwa apelekwe kituoni.

Hapo ala imeikaribia maana ya kuuguza, kwa kuwa abishaye hodi ni jirani. Lakini ujirani huo una mtihani wake. Siri ya nyumba, ambayo zamani ilibaki kifuani mwa mwuguzaji, sasa huandikwa katika kifaa na kupelekwa mbali. Kumsitiri mgonjwa ni nusu ya kumwuguza; na mwenye nyumba wa Mlandege, asiposadiki kwamba atasitiriwa, ataitikia hodi kwa adabu, asiseme linalomsibu.