Kukloni faili tupu: sifuri si 'hakuna kitu'

Kwenye Linux, ukinakili faili ndani ya Btrfs kwa cp (coreutils 9.0 ya 2021 au mpya zaidi), kwa kawaida data haiandikwi upya. Faili zote mbili zinatumia sehemu zilezile za diski hadi moja ibadilishwe.

Faili tupu je? Haina data ya kushirikiana, inatosha kuunda nyingine tupu.

Ila kuwa makini na sifuri. Programu ikiomba FICLONERANGE ikloni baiti 0, Linux inaelewa "mpaka mwisho wa faili", na hapo unaweza kufuta data bila kujua! Pia /proc/cpuinfo, hata kwenye Android, inaonyesha ukubwa 0, lakini ukiifungua imejaa maandishi. Programu inayoruka kila faili ya 0 itakupa nakala isiyo na kitu.