Shada la Majilio na Shanga za Misafara

Sharika zetu nyingi huweka shada la majani mabichi lenye mishumaa minne Jumapili ya kwanza ya Majilio. Katika joto la Desemba majani hayo hukauka kabla mshumaa wa tatu haujawashwa, na majani makavu kando ya moto si jambo la kuchezea. Ndiyo maana baadhi ya akina mama wameanza kulitengeneza nyumbani kwa waya na shanga, likatumika mwaka hadi mwaka. Wapo wazee waliouliza kama shanga zina mahali pake katika ibada. Hatuoni kwamba ni swali la kupuuzwa, maana katika nchi hizi shanga zimepita mikononi mwa watu wengi, na si wote waliokuwa na nia njema.

Shada lenyewe lilianza na gurudumu. Mwaka 1833 mwanatheolojia kijana, Johann Hinrich Wichern, alifungua karibu na Hamburg, Ujerumani, makao ya watoto maskini yaliyoitwa Rauhes Haus. Inasimuliwa kwamba watoto hao kila siku walimuuliza Krismasi ni lini. Basi mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe 4: mdogo kwa kila siku ya kazi, mkubwa kwa kila Jumapili. Mwaka huo Majilio yalianza tarehe 1 Desemba, kwa hiyo hesabu ilifika sawasawa hadi tarehe 24. Majani ya misonobari yaliongezwa baadaye, na mishumaa ikapungua hadi minne ili shada litoshe mezani. Kwa hiyo majani siyo asili ya jambo hili. Asili yake ni hesabu, kwa ajili ya watoto waliochoka kungoja.

Sisi Walutheri, ambao wazee wetu walipokea Injili kutoka kwa wamisionari wa Berlin na wa Leipzig katika miaka ya 1890, hatuoni ugeni katika desturi ya Kijerumani. Shanga ndizo zenye mambo mazito zaidi.

Katika karne ya 19 msafara wa kwenda bara ulibeba vitu vitatu vya kununulia: nguo, shanga, na nyaya nene za shaba zilizoitwa masango. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, zikauzwa Unguja. Richard Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857 kwenda Ziwa Tanganyika, alieleza kwamba shanga nyekundu, samesame, zilipewa pia jina la kimara-pamba. Pamba hapo ni chakula, wala si pamba ya kusokota: mtu angetoa chakula chake ili azipate. Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alinunua magunia 22, baada ya kuulizia kwa bidii rangi inayopendwa kila mahali. Unyamwezi walitaka nyekundu. Nyeusi zilipokelewa Ugogo, na kwingineko hazikuwa na thamani. Msafara uliokosea rangi ungeweza kulala njaa na magunia yake yamejaa.

Kwa shanga hizo watu walilipa hongo ya njia, wakanunua posho na pembe za ndovu. Walinunua pia wanadamu. Hilo halifai kufichwa tunapokaa na binti zetu kutunga shanga za Krismasi. Anayesema shanga ni pambo tu hajasikia habari yote.

Lakini tukumbuke na hili. Mkataba wa Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale, na Krismasi ya 1877 ibada ya kwanza ikafanyika ndani yake. Hawakutafuta kiwanja kisicho na kumbukumbu. Kwa maoni yetu jibu la wazee wetu liko hapo: shanga na waya, fedha ya misafara ile, vinaweza kuletwa mbele za Bwana, mradi watoto waambiwe vilikotoka.

Kazi yenyewe si ngumu. Pinda waya mnene uwe duara la upana wa sinia, kisha ufunge ncha zake kwa koleo. Tunga shanga za kijani kwenye waya mwembamba. Kila zikifika urefu wa shibiri, kunja kipande hicho kiwe jani na usokote shina lake mara mbili. Funga majani kuzunguka duara, yakilaliana kama vigae. Tumia shanga za kioo, kwa sababu za plastiki huyeyuka zikikaribia moto, na uiweke mishumaa katika vikombe vidogo vya bati. Baada ya Epifania toa mishumaa, funga shada katika kanga kuukuu, uliweke ndani ya debe panya wasilifikie.

Jambo moja tungependa liongezwe. Kati ya mshumaa na mshumaa fungeni uzi wenye shanga sita nyekundu, rangi ya samesame, na mtoto asogeze moja kila jioni ya siku ya kazi. Hapo hesabu ya Wichern inarudi nyumbani. Baada ya mshumaa wa nne idadi hubadilika kila mwaka: mwaka 1839 zingekuwa mbili. Mwaka 2023, Jumapili ya nne ilipoangukia tarehe 24 yenyewe, isingebaki hata moja, na mtoto angetoka kwenye mshumaa moja kwa moja hadi mkesha.