Neno "Mwungwana": Kutoka Pwani hadi Ufuko wa Kazimia

Ni maneno machache ya Kiswahili yaliyobeba mzigo wa historia kama neno mwungwana. Kamusi hulifasili kuwa ni mtu mwenye adabu na mwenendo mwema. Fasili hiyo ni sahihi, lakini ni tabaka la juu tu. Chini yake zimo maana nyingine, zilizoachwa na misafara iliyotoka pwani, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia nchi zilizo nyuma ya ufuko wa Fizi, Baraka na Kazimia.

Katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa kinyume cha mtumwa. Alizaliwa huru, ukoo wake ulijulikana, na adabu zilizotarajiwa kwake ziliitwa uungwana. Hivyo jina la hadhi likageuka polepole kuwa jina la tabia. Neno la Kiingereza gentleman lilipita njia hiyo hiyo: lilianza kwa kumtaja mtu wa ukoo bora, likaishia kumtaja yeyote mwenye adabu.

Barani, katika karne ya 19, mambo yalikuwa mengine. Wapagazi na askari wa misafara, ambao wengi wao walikuwa watumwa au waliwahi kuwa watumwa, walijiita waungwana. Mbele ya wenyeji waliowaita washenzi, kanzu, Uislamu na lugha ya Kiswahili vilitosha kuwa ushahidi. Aliyekuwa mtumwa Unguja aliweza kuwa mwungwana Ujiji. Si kwamba neno liliharibika. Lilidaiwa na wale walionyimwa.

Ng'ambo ya ziwa neno liligeuka tena. Nyangwe na Kasongo zilipokuwa vituo vikuu vya biashara ya pembe na watumwa, vijana wa Manyema waliotekwa au waliojiunga na wafanyabiashara walisilimu, wakajifunza Kiswahili, nao wakaitwa waungwana. Baadhi yao walishika bunduki na kuvamia vijiji. Kwa wanavijiji hao, jina la uhuru likawa jina la hofu.

Vita vya 1892 hadi 1894 viliuvunja utawala wa wafanyabiashara hao, na nafasi yao ikashikwa na Dola Huru ya Kongo. Neno halikuondoka nao. Kwa kiambishi ba- cha Kiswahili cha Kongo, bangwana wakawa Waislamu wenye asili katika jamii ile ya misafara, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Jina hilo ndilo lililotumiwa na mmisionari John Whitehead katika kitabu cha sarufi kilichotolewa mwaka 1928.

Basi mzungumzaji wa Kazimia na mwenzake wa Kigoma wanaweza kulitamka neno moja, mmoja akikusudia jamii na dini, mwingine akikusudia adabu. Kwa mwanahistoria tofauti hiyo si ndogo. Akikuta katika maandishi ya karne ya 19 kwamba msafara ulikuwa na waungwana, asiharakishe kuwahesabu kuwa watu huru. Aulize kwanza ni nani aliyewaita hivyo, na ni upande upi wa ziwa. Wengi wa wapagazi hao walijipa wenyewe jina la uhuru miaka mingi kabla sheria ya Zanzibar ya 1897 haijaifuta hadhi ya utumwa.