Hawa Ndo Wameokoa Bastola za Upepo za Zamani

Mwaka 1924 kampuni ya Webley & Scott ya Birmingham, Uingereza, ilitoa bastola yake ya kwanza ya upepo. Haina baruti: springi inasukuma pistoni, upepo unatoa kirisasi. Kiwanda kilifungwa 2005, ila bastola nyingi bado zinapiga. Kwa nini? Mafundi wa nyumbani, watu wasio na jina. Wanabadilisha springi iliyochoka na washa ya ngozi iliyokauka inayovujisha upepo, basi. Wenye tamaa wanaweka springi kali, vyuma vya zamani vinaumia. Tena kwa sheria ya kule, ikizidi jouli 8.1 tayari umeshika silaha haramu, jela inakuita. Fundi mkali haongezi nguvu, anarudisha ileile ya kiwandani. Kwenu nani fundi wa hivi?