Maji na Mihogo: Kutoka Chisenga hadi Mantapala



Katika kuikumbuka safari yetu tangu Mantapala ilipofunguliwa mwaka 2018, Kamati imetuomba sisi walimu tuandike habari za maji na kilimo.

Wengi wetu tulitoka Katanga na Tanganyika, tukapokelewa kwanza Kenani. Kulima tulijua, lakini udongo wa hapa hatukuujua. Wenyeji waliujua zamani. Katika karne ya 18, Walunda wa Mwata Kazembe walitoka magharibi wakakaa bonde la Luapula, na kilimo cha mihogo kikaenea. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867 alikuta mashamba ya mihogo.

Wazee hao hawakukosea. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa maua, mavuno yamepotea. Muhogo huangusha majani, hungoja, kisha mvua ikirudi huendelea. Tarehe 29 Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Wilaya 84 kati ya 116 ziliguswa, na karibu hekta milioni moja za mahindi ziliharibika.

Ndugu zetu wa kisiwa cha Chisenga wamezungukwa na maji. Sisi tunategemea pampu na madambo. Kiangazi cha kwanza tuligombana: mmoja amwagilia mboga kwa maji ya pampu, na mama mwingine anarudi nyumbani na ndoo tupu. Wengine walilowesha mihogo michungu pale watu wanapoteka maji ya kunywa. Aibu ilitupata sote.

Tangu hapo tunafundishana hivi. Pampu ni ya kunywa na kupikia. Mihogo ilowekwe chini ya mkondo, si juu. Mboga zimwagiliwe asubuhi mapema au jioni, maji yamiminwe kwenye shina, na udongo ufunikwe majani makavu ili unyevu usipotee. Katika dambo tusichimbe mifereji mirefu. Dambo likikaushwa, bustani ya jirani nayo inakufa.

Wageni wa mashirika, mnapotuletea mbegu, tunaomba msisahau vipando vya mihogo. Nasi, ndugu zangu, tusingoje kiangazi kitufundishe tena. Bukari na sombe ya watoto wetu huanzia kwenye ndoo tunayomwachia jirani.