Masafa: umbali au idadi?

Mtangazaji anapotaja masafa ya FM, msikilizaji wa Kyuso huelewa mara moja: tafuta namba fulani kwenye redio. Lakini masafa, tangu asili yake ya Kiarabu, ni umbali. Kutoka Kyuso hadi Mwingi ni masafa. Imekuwaje basi neno la umbali likapewa kazi ya kuhesabu mitetemo?

Naona chanzo ni redio za zamani. BBC ilipoanzisha matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, ilisikika kwa masafa mafupi, na bendi zilitajwa kwa mita: mita 19, mita 25, mita 31. Mita hizo ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Hapo masafa yalikuwa mahali pake hasa. Kisha redio zikaandikwa megahezi, namba zikabadilika maana, zikahesabu mitetemo badala ya umbali, jina likabaki lilelile.

Tatizo ni kwamba vipimo hivi viwili huenda kinyume. Mwendo wa wimbi ni idadi ya marudio kwa sekunde mara urefu wa wimbi. Mwendo usipobadilika, kimoja kikiongezeka kingine hupungua. Bendi ya mita 31 ni megahezi 9.7 hivi, ilhali stesheni ya megahezi 100 ina mawimbi ya mita 3 tu. Kwa hiyo anayesikia "masafa mafupi" akadhani ni marudio machache amepotea kabisa.

Sauti nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Kyuso ni nchi ya nyuki, na mzinga wa gogo, ambao Wakamba huuita mwatu, ni kitu cha kawaida juu ya mti. Nyuki anayepita karibu nawe kuuendea hupiga mbawa mara 230 hivi kwa sekunde. Kila pigo huibana hewa iliyo jirani, hewa hiyo hubana ya mbele yake, kisha hulegea na kurudi. Hewa yenyewe haisafiri hadi sikioni. Hutetemeka papo hapo, mbano ndio unaosafiri. Katika joto la nyuzi 30, mbano huo huenda mita 349 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 230, upate mita moja na nusu. Mbu anayepiga mbawa mara 500 hutoa wimbi la sentimita 70 hivi, ndiyo maana mlio wake ni mwembamba zaidi.

Sasa uliza: masafa ya sauti ya nyuki ni yapi? Mtu anaweza kujibu 230, mwingine mita moja na nusu, wa tatu akapima umbali kutoka mzingani hadi aliposimama. Wote watakuwa wametumia Kiswahili vizuri. Istilahi inayoruhusu majibu matatu haimfai mwanafunzi.

Nachagua marudio. Wapo watakaosema marudio ni kujisomea kabla ya mtihani, na ni kweli, lakini hata huko maana ni kufanya jambo tena na tena, ndivyo wimbi lifanyavyo. Masafa tuyaachie redio, kwa kuwa yamezoeleka na hakuna atakayeyang'oa. Nawe mwalimu, ambaye kitabu chako ni cha Kiingereza lakini unafafanua kwa Kiswahili, andika ubaoni marudio kwa hezi na urefu wa wimbi kwa mita, kila kimoja kwa jina lake.